Komeo Bila Mlinzi

Nyumbani kwangu nilidhani nimefunga kila kitu. Simu anayochezea mwanangu wa miaka kumi ilikuwa na namba ya siri niliyoijua mimi na mama yake tu. Saa mbili usiku ilijifunga yenyewe. Hakuweza kuweka gemu jipya bila ruhusa yangu. Niliwasimulia wachungaji wenzangu kwa fahari, na wengine wakaomba niwaelekeze.

Jioni moja waya wa hedifoni ulichomoka, sauti ikajaa sebuleni. Haikuwa sauti ya mtoto. Mwanamume mzima alikuwa akimwuliza mwanangu anasoma shule gani na kama yuko peke yake. Mwanangu alimjibu kwa adabu, kama tulivyomfundisha kuwajibu wakubwa: “Hapana, kaka, baba yupo.” Kisha akanitazama kwa hofu. Yule mtu hakumtisha hata kidogo. Aliyemtisha ni mimi, kwamba nitamnyang’anya simu. Walikuwa wamecheza pamoja wiki tatu, ndani ya saa nilizoziruhusu mimi.

Tangu siku hiyo nimeacha kukubaliana na makundi mawili yaliyomo katika sharika zetu.

Kundi la kwanza husema simu ni za shetani, mtoto asiziguse. Hao wanajidanganya. Mtoto atacheza kwa jirani, au kwa simu ya binamu yake Jumamosi. Atakapokutana na mtu mbaya huko, atamwambia nani? Nyumbani ameshajifunza kwamba kutaja gemu ni kukiri kosa. Tumemnyima simu, na mlango wa kutuambia tumeufunga pia.

Kundi la pili ni langu: wazazi wa namba ya siri. Programu kama Family Link ya Google ni msaada wa kweli. Inahesabu saa, na mtoto hapakui gemu mpaka uidhinishe. Lakini haichagui nani azungumze naye ndani ya gemu. Hilo lina mipangilio yake ndani ya gemu lenyewe, na wengi wetu hatujawahi kuifungua. Wala usitegemee kwamba wenye gemu watakulindia. Mwaka 2022 kampuni ya Epic Games, yenye gemu la Fortnite, ilikubali kulipa dola milioni 520 kumaliza mashtaka ya serikali ya Marekani. Moja ya madai yalikuwa kwamba mazungumzo ya sauti na maandishi na wageni yaliachwa wazi kwa watoto tangu mwanzo, bila mzazi kuulizwa.

Na sasa niungame. Akaunti ya mwanangu niliifungua mimi. Ilipouliza mwaka wa kuzaliwa, niliandika wa uongo ili mambo yaende haraka. Gemu likamhesabu mtu mzima na kumfungulia mazungumzo na kila mtu. Mimi ninayefundisha darasa la Kipaimara amri ya nane, nilishuhudia uongo juu ya mwanangu mwenyewe, na uongo huo ndio uliomwingiza mgeni nyumbani. Ni wazazi wangapi wanaosoma hapa wamefanya vivyo hivyo?

Wengine watasema, “Mchungaji, mimi teknolojia siijui.” Ndugu yangu, unatuma pesa kwa simu kila wiki. Unanunua bando bila kufundishwa na mtu. Kilicho mfukoni tumejifunza kukilinda. Mtoto je?

Wengine wanamwachia mwalimu wa Shule ya Jumapili. Luther alipotoa Katekisimo Ndogo mwaka 1529, aliandika kwamba mwenye nyumba ndiye awafundishe watu wa nyumba yake. Na siku ya ubatizo walioahidi mbele za Mungu kumlea mtoto huyo ni wazazi na wasimamizi wake.

Nehemia alipomaliza ukuta wa Yerusalemu, alitia milango na makomeo, lakini hakwenda kulala. Katika sura ya saba aliagiza wawekwe walinzi miongoni mwa wenyeji, na kila mtu alinde akiielekea nyumba yake mwenyewe. Komeo ni zuri. Halijui kutofautisha rafiki na mwizi.

Basi leo jioni keti na mwanao. Mwambie akufundishe gemu lake. Sahihisha mwaka wa kuzaliwa. Ikishindikana, fungueni akaunti nyingine. Zima mazungumzo na wageni, bakiza marafiki mnaowajua kwa sura. Weka ruhusa yako kwenye kila ununuzi. Achezee sebuleni, bila hedifoni. Kisha mwahidi jambo moja na ulishike: akikuambia kitu kibaya alichokutana nacho, hutamnyang’anya simu kwa sababu ya kukuambia. Bila ahadi hiyo, mengine yote ni komeo tu.

Ahadi hiyo ilinigharimu kiburi. Mwezi uliopita mwanangu alikuja chumbani kwangu, simu mkononi: “Baba, kuna mtu ananiomba picha.” Tulimzuia mtu huyo pamoja na kumripoti. Kisha nikamrudishia simu, akaenda kumalizia mchezo wake.