Mapato ya Ulevi

Aya ya 219 ya Suratul Baqara haikukana kwamba ulevi una manufaa. Imesema dhambi yake yayashinda manufaa hayo. Wahesabu kodi huishika nusu ya kwanza tu.

Natutazame Kenya. Mwaka 2004 Serikali iliisamehe kodi bia rahisi ya pipa, ili maskini waiache chang'aa. Mwaka 2013 msamaha ukakatwa nusu, bei ikapanda, na wengi wakarudia pombe za magendo. Mei 2014 watu zaidi ya 60 walikufa, na wengine wakapofuka, kwa pombe yenye methanoli. Mwaka 2015 msamaha ukarejeshwa hadi asilimia 90. Mara zote hizo iliyopimwa ni bei ya bilauri, si hali ya kijana aishikaye.

Sheria ya mwaka 2010 yakataza kumwuzia pombe aliye chini ya miaka 18, nayo ni njema. Lakini sisi walimu wa vyuoni twawajua waliotuacha katika Juzuu Amma, na hawakungoja umri huo.

Twaiomba Hazina, bajeti ijayo, kando ya mapato ya pombe iandike gharama za kuwatibu walevi, na Wabunge wasomewe hesabu zote mbili kwa pamoja.