Tuwataje Wazazi Wetu kwa Heshima

Wananchi wenzangu wa Kitale, Bungoma na vijiji vyote vilivyo katikati, leo nina swali moja kwenu. Unapozungumza na watu, mzazi wako humtajaje?

Siulizi unavyomwita ukiwa naye ana kwa ana. Hapo wengi wetu tuko sawa. Mbukusu atamwita mamake "mayi" na babake "papa", na kila kabila hapa lina lake. Nauliza habari za pale unapomsimulia kwa mtu mwingine: kwenye steji ya bodaboda, kazini, kwenye simu, mbele ya daktari au mwalimu.

Chukueni mtaa wa Kipsongo, hapo kando ya mji wa Kitale. Familia nyingi pale ni za Waturkana, watu walioshuka kutoka kaskazini wakikimbia ukame na wizi wa mifugo. Kuna akina mama wa makamo wasiojua Kiswahili cha kutosha kujieleza hospitalini. Watoto wao waliozaliwa mjini ndio wakalimani.

Basi mama ameketi kwenye benchi, na binti yake wa darasa la sita amesimama kati yake na muuguzi. Muuguzi anauliza, "Ana shida gani?" Mtoto anajibu, "Huyu anasema kifua kinamuuma." Sasa msikilize mtoto mwingine: "Mama anasema kifua kinamuuma. Mama hajalala tangu juzi." Ugonjwa ni uleule. Lakini yule wa pili amemkumbusha kila mtu aliye chumbani kwamba hapa ameketi mama wa mtu. Mara nyingi utamsikia muuguzi akigeuka na kusema, "Pole sana, mama."

Mnaona jambo lenyewe? Mgeni hamjui mzazi wako. Atampokea vile wewe ulivyomleta kwa mdomo wako.

Kwa hiyo wewe mtoto unayemtafsiria mzazi wako, asante kwa kazi hiyo kubwa. Nakuomba uanze kila sentensi na "mama anasema" au "baba anasema". Nawe unayehudumia watu dirishani, hata kama mtoto ndiye anayejibu, mtazame mzazi na umsalimie yeye kwanza. Je, hilo litakuchukua muda gani?

Vijana wangu, msidhani nimekuja kuwanyang'anya Sheng yenu. "Mathe" na "buda" si matusi. Nimewasikia vijana wakisema "mathe wangu" kwa mapenzi yasiyofichika, na kumwita baba "mzee wangu" ni heshima tangu zamani. Ninachoomba ni mjue mko mbele ya nani. Neno linalofaa kijiweni huenda lisifae mbele ya chifu, mbele ya wakwe, au mbele ya mwajiri anayesikia habari za mzazi wako kwa mara ya kwanza.

Na kazi zao je, tunazitajaje? Mwanafunzi anaulizwa mamake anafanya nini, anainamisha kichwa na kusema, "Hafanyi kazi." Mama huyo ameamka kabla ya jogoo kwenda kibarua cha kupalilia mahindi ya watu. Mwingine anauza makaa, mwingine anafua nguo, mwingine anaokota chupa za plastiki na vyuma kuukuu na kuvipeleka kwenye mizani. Hiyo si kazi? Mahindi tunayojivunia Trans Nzoia yamepita mikononi mwa mama kama huyo.

Mwanangu, ukiulizwa, inua kichwa useme: "Mama anauza makaa, na ndiye anayenisomesha." Nanyi wenzake darasani, akisema hivyo, msicheke.

Walimu wetu wapendwa, kuna jambo mnaloweza kutusaidia. Si kila mtoto ana baba wa kumtaja. Wengine wanalelewa na mama peke yake, wengine na nyanya. Badala ya kuuliza habari za baba, mbona tusiulize, "Nyumbani unaishi na nani?" Swali hilo kila mtoto ana jibu lake. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilisema kwamba mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye ana haki ya jina la babake kuwa katika cheti chake cha kuzaliwa. Kama sheria haitaki mtoto huyo abaguliwe, sisi tumtie haya mbele ya wenzake kwa nini?

Sasa turudi nyumbani, maana shule ya kwanza ni huko. Mume na mke mkikosana, mtoto anasikia. "Baba yenu huyo" na "mama yenu huyo" ni maneno anayoyabeba hadi uwanjani. Na sisi tunaotunza wazazi wazee, tunasemaje mbele ya watoto mzee anaposahau jambo? "Babu amechoka leo, tumsaidie," yatosha. Wahenga walisema, usitukane wakunga na uzazi ungalipo. Kesho tutatajwa sisi.

Katiba yetu ya 2010, ibara ya 57, inawapa wazee haki ya kuishi kwa hadhi na heshima, na kupata matunzo kutoka kwa familia na serikali. Serikali ina sehemu yake, kama zile shilingi 2,000 za mpango wa Inua Jamii kila mwezi kwa waliotimiza miaka 70. Lakini unapomsindikiza mzee kuzichukua, ukisema "nimemleta baba" mbele ya foleni nzima, hiyo ni sehemu yako, na haikugharimu hata senti.

Najua wapo mliolelewa kwa machungu. Sitawalazimisha kumsifu aliyewaumiza. Mnaweza kunyamaza, au kusema tu, "Mimi na mzee tuna mambo ya kusuluhisha." Hapo hamjadanganya na hamjatukana.

Ndugu zangu, tangazo la kifo redioni halikosi "mama yetu mpendwa" na "baba yetu mpendwa". Ni maneno mazuri, lakini anayetajwa hayasikii tena. Wa kwako angali hai? Basi leo, mtu akikuuliza habari za nyumbani, mtaje kwa maneno hayo mema, naye akiwa karibu asikie.