Kabla ya kubadili puli ya gari, pima gunia

MWENYE pikapu yeyote anayebeba mazao kati ya Iringa na Mbeya anayajua maudhi ya gari zito. Unakanyaga mafuta, injini inanguruma, lakini gari halichanganyi. Nyuma basi linapiga honi, mbele lori la Zambia limekaba njia, na geji ya joto imeanza kupanda.

Dawa inayotajwa na baadhi ya mafundi ni kubadili puli ya krenki, ile iliyo mbele ya injini na inayozungusha mikanda. Inatolewa iliyokuja na gari, inafungwa ndogo zaidi, au nyepesi ya aluminiamu. Rafiki yangu anayebeba vitunguu kutoka Ruaha Mbuyuni kwenda Iringa alishauriwa hivyo, akanipigia simu kuuliza kama fedha yake itarudi. Mimi ni mchumi wa kilimo, si makenika, lakini swali lake lilikuwa la hesabu.

Aliyewahi kusubiri zamu kwenye mashine ya kusaga kijijini anajua puli inafanya nini. Fungeni puli ndogo upande wa kinu, kinu kinakwenda mbio lakini injini inaelemewa mapema. Fungeni kubwa, kinu kinapunguza mwendo na injini inapata nafuu. Nguvu ya injini ni ile ile. Puli inaigawa tu namna nyingine.

Kwenye gari, puli ya krenki haizungushi magurudumu hata kidogo. Inazungusha alternata, pampu ya maji, pampu ya usukani na kompresa ya kiyoyozi. Ikiwa ndogo, vifaa hivyo vinazunguka polepole na kuchukua nguvu pungufu. Ikiwa nyepesi, injini inapandisha mizunguko haraka, jambo linaloonekana zaidi katika gia ya kwanza na gari likiwa tupu. Kwa hiyo fundi hadanganyi, faida ipo. Ila kwa pikapu ya kawaida yenye injini ya nguvu farasi 90 au 100, ni suala la farasi wawili au watatu.

Sifa kubwa ya puli ndogo imetoka kwenye magari ya ng'ambo yenye supachaja, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na mkanda. Huko puli ndogo ya pampu hiyo inasukuma hewa nyingi zaidi ndani ya injini, na nguvu inaongezeka kweli. Pikapu zetu nyingi hazina kifaa hicho. Zenye tabo zinaizungusha kwa moshi wa injini, si kwa mkanda.

Hasara nazo zipo. Mlima Kitonga hupandwa kwa gia ndogo na mwendo wa konokono nyuma ya malori. Hapo ndipo injini inapohitaji maji yazunguke vizuri, na ndipo pampu yenye puli iliyopunguzwa inapofanya kazi kidogo. Katika pikapu nyingi za zamani feni nayo inategemea mkanda huo huo. Gari likichemka mara moja na kuunguza gasketi, faida ya farasi wawili imekwisha. Aidha, puli nyingi za asili zina pete ya mpira katikati. Pete hiyo haikuwekwa kwa urembo. Inameza mtetemo wa krenki, na injini za dizeli hutetema sana. Ukifunga kipande kitupu cha aluminiamu, mtetemo huo unabaki kwenye krenki, na krenki ikikatika hutanunua puli tena, utanunua injini.

Kuna jambo jingine ambalo madereva wanaotoka Dar es Salaam hulisahau. Mji wa Iringa uko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na Mbeya ni karibu mita 1,700. Injini isiyo na tabo hupoteza takriban sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda, kwa sababu hewa ni nyepesi. Injini ya farasi 100 ikifika Mbeya inabaki na 85 hivi. Ukiongeza chujio la hewa lililojaa vumbi la barabara za mashambani, au matairi makubwa kuliko yaliyopangwa, unazidisha tatizo ambalo puli haiwezi kulifuta.

Lakini kilichonishtua ni mzigo. Chukua mlima unaopanda mita 8 kwa kila mita 100, na gari linalokwenda kilometa 30 kwa saa. Kila kilo 300 za ziada zinadai nguvu farasi mbili na nusu hivi. Ndiyo ile ile anayoahidi fundi wa puli.

Sasa kilo 300 zinatoka wapi? Rafiki yangu hubeba magunia kumi. Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100, lakini lumbesa tunazijua, za vitunguu huko na za viazi vya Umalila huku kwetu. Tukisema kila gunia lina kilo 130, kilo 300 ndizo hizo.

Na hizo amezibeba bure, kwa sababu nauli ni ya gunia. Tuseme gunia ni shilingi 5,000: kila safari anasamehe nauli ya magunia matatu, yaani shilingi 15,000. Kwa safari nne za wiki ni shilingi 60,000, kabla hujahesabu mafuta, klachi na springi. Mkulima naye amelipwa bei ya kilo 100 akatoa 130. Wenye gari na wenye shamba wanalalamika kila mmoja upande wake, kumbe wanaibiwa na gunia moja.

Najua jibu la wenye magari: nikikataa lumbesa, mwenzangu atabeba. Ni kweli, na ndiyo maana mmoja mmoja hawataliweza. Palipo na nauli ya gunia na ushuru wa gunia, kila mtu anavutwa kushona gunia kubwa. Wasafirishaji wa soko moja wakikubaliana kutoza kwa kilo, na halmashauri zikafanya hivyo kwenye mageti ya ushuru, faida ya kujaza lumbesa itapungua sana bila mgambo kufukuzana na mtu.

Rafiki yangu ameahirisha puli. Amebadilisha chujio la hewa na kununua mizani ya kuning'iniza, anatoza kwa kilo. Wateja wawili wamemkimbia wiki ya kwanza; mmoja amerudi.