Refa, wakigeuza meli waache waende

Tuambiane ukweli. Umekaa wikendi mbili ukibuni kituo cha angani kilichotelekezwa. Umechora kila chumba na kumweka ndani mwanasayansi mwenye siri. Jumamosi wasee wanakaa mezani, wanakitazama hicho kituo kwa mbali, kisha mmoja anasema: "Hapa panakaa noma. Tugeuze meli." Wenzake wote wanakubali. Hapo ndipo itajulikana kama wewe ni refa ama ni mwalimu wa zamu.

Kwa ambaye hajawahi kucheza: hii ni michezo ya kuigiza ya mezani. Hakuna skrini. Kila mchezaji ana mhusika wake, na mtu mmoja, refa, anaeleza dunia ilivyo na kuwasemea watu wengine wote walio ndani yake. Jambo likiwa na shaka, dadu zinaamua.

Marefa wengi wakibanwa hivyo hucheza ujanja. Injini inakufa ghafla. Ama wachezaji wanakimbilia sayari nyingine na, ajabu, hatari ile ile inawangoja huko. Mimi nasema huo ni uongo. Uliwauliza "mnafanya nini?" na jibu ulikuwa nalo tayari mfukoni. Na wachezaji si wajinga, watakushtukia mapema.

Kweli, hadithi za angani ni ngumu kuendesha. Dungeons & Dragons, iliyotoka 1974, ilijengwa juu ya mapango, na pango lina kuta: utaenda kushoto ama kulia. Ukiwapa watu meli ya angani umewapa mbingu nzima. Lakini mbingu hiyo ina masharti yake, na masharti ndiyo rafiki wa refa.

Angalia Traveller, mchezo wa Marc Miller wa 1977. Hata hili neno refa nimelitoa humo, maana ndivyo kitabu chake kinavyomwita mwendeshaji. Meli ikiruka kutoka nyota moja hadi nyingine, safari huchukua kama wiki moja, uwe unaenda karibu ama mbali. Hakuna redio inayoishinda meli kwa kasi, kwa hivyo habari husafiri melini kama barua za zamani. Na meli yenyewe mara nyingi ni ya mkopo, unaolipwa kila mwezi kwa miaka 40. Miaka 40! Wenye pikipiki za mkopo mnaelewa.

Sasa piga hesabu. Wachezaji wakitoroka, huna haja ya kuua injini. Una wiki nzima ya safari ya kumuuliza kila mmoja anafanya nini humo ndani, huku ukiandika kinachofuata. Sayari wanayoiendea inaelezwa kwa alama chache tu: bandari, ukubwa, hewa, maji, idadi ya watu, serikali, sheria, teknolojia. Rusha dadu, na baada ya dakika chache una mahali pa kuwapokea. Mdai wa mkopo naye atawafuata, ila atachelewa, kwa sababu habari zao ziko kwenye meli inayokuja nyuma.

Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja: andaa watu, usiandae matukio. Kwa kila mtu muhimu andika mstari mmoja, anataka nini na atafanya nini asipozuiwa. Mwanasayansi wako anataka kuokolewa, na oksijeni yake itaisha baada ya siku 9. Maharamia wanaitaka mashine aliyounda. Wachezaji wakigeuza meli, kituo hakitawangoja. Siku moja, kwenye baa ya bandari ya mbali, watasikia kwamba maharamia wamepata silaha mpya. Hiyo huwezi kuiita adhabu. Adhabu hutoka kwenye hasira ya refa, lakini haya yalikuwa kwenye karatasi kabla hawajagusa usukani.

Kevin Crawford aliliweka wazo hili kwenye kanuni za Stars Without Number, ya 2010. Kati ya kikao na kikao, makundi yenye nguvu hupata zamu yao na refa huamua yamefanya nini bila wachezaji kuwepo. Kuna toleo la bure, kwa hivyo usiniambie huna pesa.

Najua utauliza: na jasho langu la wikendi mbili? Ramani ambayo hawakuiona, itumie siku nyingine kwa hadithi nyingine, hakuna aliyedanganywa. Hatari waliyoiona wakaikataa, hiyo ndiyo usiwarudishie kwa jina jipya. Ukikwama kabisa, sema: "Jamani, hilo sikulitarajia, nipeni dakika 10." Watajisikia mabingwa. Na yule anayepiga risasi kila mtu ili tu kukuudhi? Huyo hatatuliwi kwa dadu. Mvute kando muongee kama watu.

Mbona nalichukulia jambo hili kwa uzito hivi? Kwa sababu vijana wengi tunaishi ndani ya mipango ya wengine. Mimi niliacha chuo kabla ya kumaliza, na mpaka leo kila jamaa wa ukoo ana kozi yangu mfukoni mwake. Wewe labda una bosi, ama mzazi anayejua utaoa lini. Meza ya Jumamosi ni mojawapo ya mahali pachache ambapo unasema "hapana, tunaenda huku", na dunia inalazimika kukujibu kwa haki.

Ukiwanyang'anya wachezaji hilo, hawatagombana nawe. Mmoja atasema ana shughuli, wa pili atasema hana nauli, na kufikia mwezi ujao utakuwa na kituo chako cha angani, ramani nzuri sana, na viti vitupu.