Feni ya Jikoni Isirudishe Sumu Nyumbani

Katika kota za askari na nyumba za mijini, si ajabu kukuta jiko la gesi ambalo juu yake pametundikwa chombo cha kuvuta moshi, chenye feni na chujio la mafuta. Chombo hicho huondoa mvuke na harufu ya samaki, na ukuta hubaki hauna masizi. Hata hivyo, yafaa kila familia ielewe jinsi kinavyofanya kazi, maana kikitumiwa vibaya chaweza kuleta msiba.

Hewa inayotolewa na feni haina budi kufidiwa na hewa nyingine. Dirisha likiwa wazi, hewa safi huingia bila taabu. Milango na madirisha yakifungwa, feni huvuta hewa kupitia tundu lolote lililopo, hata dohani ya jiko la kuni au bomba la moshi la chombo cha kuchemshia maji kwa gesi. Hapo moshi uliokuwa ukipanda hugeuka, ukashuka chumbani.

Ndani ya moshi huo mna kaboni monoksaidi, sumu itokeayo wakati makaa, kuni, mafuta ya taa au gesi vinapoungua bila hewa ya kutosha. Haina rangi wala harufu. Ikivutwa mapafuni hushikamana na damu kwa nguvu inayoipita oksijeni zaidi ya mara 200. Dalili zake ni maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na unyonge. Askari aliyetoka zamu ya usiku aweza kudhani ni uchovu tu, akajilaza asiamke tena.

Kwa hiyo, dirisha lifunguliwe kabla ya kuwasha feni. Ili kupima usalama, madirisha yafungwe kwa muda mfupi, feni iwashwe kwa nguvu zote pamoja na chombo cha maji, kisha baada ya dakika 5 kijiti cha udi kinachofuka kishikwe karibu na mdomo wa bomba. Moshi wake ukivutwa bombani, ni vyema. Ukirudi chumbani, vyote vizimwe mara moja, madirisha yafunguliwe, na fundi aitwe.

Jiko la makaa halina dohani. Sumu yake yote humwagika chumbani, hata makaa yakiwa mekundu bila moshi. Lipikiwe nje au barazani, wala lisiingizwe ndani usiku kwa ajili ya joto. Feni isitegemewe, kwani baadhi ya vyombo hivyo huchuja mafuta tu na kuirudisha hewa ile ile jikoni.

Mtu akizidiwa, atolewe nje kwenye hewa safi bila kukawia, moto uzimwe, naye apelekwe hospitali hata akisema amepata nafuu. Wengine wote waliokuwa ndani nao wachunguzwe.