SEHEMU YA 3: Tai haimlindi mwanao

Mama zangu, leo naanza na kosa langu mwenyewe. Kliniki alikuja baba kijana, kaptula na ndala, kambeba mtoto wa wiki 14 kuja chanjo. Akina mama wawili wakasogea pembeni: "Si yule anayeshinda kwenye meza ya pool?" Na mimi nesi nikamuuliza kwa ukali, mama yake yuko wapi? Nikafungua kadi: hakuna chanjo hata moja iliyorukwa. Niliona aibu.

Sasa sikilizeni. Pool ina ndugu yake, snooker. Inasimuliwa ilibuniwa 1875 na maofisa wa jeshi la Uingereza kule India, kwenye mesi yao. Baadaye wakaimudu watoto wa wafanyakazi. Ray Reardon, bingwa wa dunia mara 6, alianzia kazi kwenye mgodi wa makaa ya mawe huko Wales. Lakini kwenye mashindano wakatakiwa wavae kizibao na tai ya kipepeo, kama wanakwenda dhifa. Ya nini? Mpira hauingii shimoni kwa sababu ya tai! Nguo ile ilikuwa ya kuwatuliza wakubwa: msiogope, hawa si wahuni.

Alex Higgins wa Belfast akaikataa tai, akapeleka mpaka cheti cha daktari. Akaonekana mkorofi. Lakini jamani, kuanzia 1976 mpaka 2005 ubingwa wa dunia ulidhaminiwa na sigara za Embassy! Yaani shingo bila tai ni utovu wa adabu, ila kutangaza sigara mbele ya watoto ni sawa? Mwaka 1982 Higgins alichukua ubingwa, akalia machozi akiomba aletewe binti yake mchanga. Alikuwa mvutaji mkubwa. Akaugua saratani ya koo, na 2010 akafariki.

Kwa hiyo mama, kijana wako akienda kucheza pool, usiishie kukagua suruali. Uliza: pale wanavuta? Wanachezea pesa? Pombe je? Anarudi saa ngapi? Hayo ndiyo yanayomleta kwangu wodini. Ndala hazijawahi kumlaza mtu.

Na ukimkuta baba wa ndala kliniki, msogelee, mpe nafasi kwenye benchi. Mimi nilishamwomba radhi.

Sehemu ya 4: moshi wa sigara na kifua cha mtoto mchanga. Mtag baba watoto.