Kompyuta Si Taipureta

Mtu aingiapo siku hizi katika ofisi ya umma au ya ushirika, iwe mjini Musoma, iwe Bunda kando ya barabara kuu iendayo Mwanza, au iwe Butiama alikozaliwa Baba wa Taifa, mara nyingi ataikuta kompyuta juu ya meza. Imefunikwa kitambaa isiingie vumbi, nayo inaheshimiwa. Lakini akiuliza inafanya kazi gani, ataambiwa kwamba hupigiwa barua, huchapishiwa matangazo, na jioni hutazamiwa sinema. Yaani mashine iliyonunuliwa kwa fedha ya wananchi, yenye uwezo wa kufanya hesabu mamilioni kwa nukta moja, imepewa kazi iliyokuwa ikifanywa na taipureta katika ofisi za mkoloni.

Jambo hili tumelivumilia kwa muda mrefu, nasi hatulivumilii tena kwa sababu moja. Tarehe 14 Oktoba 2025 kampuni ya Microsoft ilifikisha mwisho wa huduma yake ya kawaida kwa programu ya Windows 10, na kompyuta nyingi za zamani hazikubaliki katika Windows 11 iliyoifuata. Kwa hiyo patakuwa na ofisi nyingi zitakazotaka kuzitupa mashine zilizopo na kununua mpya. Sisi tunasema: kabla hamjaitupa ya zamani, ulizeni kwanza kama imepata kutumiwa. Mtu aliyetumia jembe kwa kufungia mlango hana haki ya kudai jembe jipya.

Historia ya nchi yetu ina funzo katika jambo hili. Kompyuta ya kwanza ilifungwa nchini mwaka 1965, katika Wizara ya Fedha. Kazi ya hesabu za Serikali ikahamishiwa humo, lakini wataalamu wetu walikuwa wachache mno, mashine ikawa inategemea wageni, na hesabu zikavurugika hata ikabidi kurudia daftari za mkono. Mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wako wanaolicheka agizo lile, nasi hatuwaungi mkono. Taifa changa, lenye fedha kidogo za kigeni, lilikuwa na haki ya kukataa kununua kitu ambacho halikuwa na watu wa kukitawala.

Lakini mwaka ule ule wa 1974, mwezi Novemba, Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana mjini Musoma na kupitisha azimio ambalo mpaka leo tunaliita Azimio la Musoma. Azimio lile liliagiza kwamba elimu ya msingi iwafikie watoto wote ifikapo mwaka 1977, na kwamba elimu isitengwe na kazi. Hivyo katika mwaka mmoja mlango wa mashine ulifungwa, na mlango wa shule ukafunguliwa wazi. Katika miaka ya 1980 na 1990 marufuku ile ililegezwa, mashine zikaingia. Kosa letu ni kwamba tulipoukaribisha mgeni huyu hatukulitumia Azimio la Musoma kwake. Tumefundishana kuiwasha mashine na kuizima, hatukufundishana kuifanyisha kazi.

Yafaa tueleze tofauti iliyopo. Cherehani hushona, wala haiwezi kukoboa mahindi. Mashine ya kukoboa haiwezi kushona. Lakini kompyuta haina kazi yake yenyewe: hufanya kazi yo yote inayoweza kuelezwa kwa amri zilizopangwa. Mwaka 1979 kompyuta ndogo zilikuwa zikihesabiwa kuwa vitu vya wapenda ufundi tu. Ndipo Wamarekani wawili, Dan Bricklin na Bob Frankston, wakatengeneza programu iitwayo VisiCalc, lahajedwali la kwanza la kompyuta ndogo, ambalo ukibadili tarakimu moja, hesabu zote zinazoitegemea hubadilika zenyewe. Wafanyabiashara wakaanza kununua kompyuta kwa ajili ya programu ile. Mashine ilikuwa ni ile ile, bali watu walikuwa wamegundua kazi yake.

Wala hatuna haja ya kwenda Marekani kutafuta ushahidi. Katika mkoa wetu huu wa Mara, wilaya za Bunda na Serengeti, katika miaka ya 2000 watafiti wa Kitanzania pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha KTH cha Stockholm, Sweden, wakishirikiana na Tume ya Sayansi na Teknolojia, walijenga mtandao wa mawasiliano wa vijijini wenye nia ya kuziunganisha shule, hospitali na ofisi za halmashauri. Mmoja wao, Dkt. Amos Nungu, aliandika tasnifu yake ya udaktari juu ya kazi hiyo mwaka 2011, na baadaye akawa Mkurugenzi Mkuu wa Tume hiyo. Sehemu moja ya kazi yao inatuhusu hapa. Ili kuelekeza taarifa kutoka kituo hata kituo, yahitajika mashine iitwayo ruta, na ruta za viwandani zina bei kubwa. Wao walitumia vipuri vya kawaida vya kompyuta, wakaweka programu huria ya Linux ambayo hailipiwi, wakachagua vifaa vinavyokula umeme kidogo ili hata jua liweze kuviendesha. Kompyuta, ambayo kwa wengine ni ya kupigia barua, Bunda ilikuwa njia panda ya mawasiliano.

Sasa na tuje kwa mkulima. Katika msimu wa pamba mkulima hupeleka mavuno yake kwenye chama cha msingi cha ushirika. Hupimiwa, huandikwa, hukatwa deni la pembejeo, hulipwa. Tuseme ameleta kilo 400, na bei ni shilingi 1,000 kwa kilo: stahili yake ni shilingi 400,000. Akiwa na deni la shilingi 60,000, hubakiwa na shilingi 340,000. Hesabu hii ni rahisi kwa mtu mmoja. Kwa wanachama 300, ambao kila mmoja huleta mzigo mara nne au tano, huwa ni msitu, na ndani ya msitu ndimo mjanja anamojificha. Lakini katika lahajedwali kanuni huandikwa mara moja tu. Mashine huitekeleza kwa kila mwanachama bila kuchoka, na jioni ile ile inaweza kuchapa karatasi ya kila mtu, kwa Kiswahili, ikionesha kilo zake, deni lake na fedha yake. Serikali, kwa kupitia Tume ya Maendeleo ya Ushirika, imekwisha kuanzisha mfumo wa MUVU kwa usimamizi wa vyama hivi, nasi tunaupongeza. Lakini mfumo wa taifa hauwezi kuwa badala ya karani wa kijiji ajuaye hesabu zake, wala badala ya mwanachama awezaye kuisoma karatasi yake mwenyewe.

Hali kadhalika mvuvi wa mwalo wa Musoma. Akiandika kila siku kilo za dagaa au sangara alizovua, lita za petroli alizochoma na bei aliyouzia, baada ya mwaka mmoja kompyuta ya kikundi chake itamwonesha ni miezi ipi alipata faida, na ni miezi ipi alimfanyia kazi mwenye petroli. Huo ndio utafiti, nao hauhitaji shahada.

Na shule zetu je? Mwaka 1934 kijana Kambarage alitoka Butiama kwenda Shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na umri wa miaka 12, kwa sababu kusoma kulikuwa mbali na nyumbani. Leo kusoma kunaweza kumfuata mtoto alipo. Ipo programu ya bure iitwayo Kiwix, ambayo huhifadhi ndani ya kompyuta ensaiklopidia nzima ya Wikipedia, ikiwemo ile ya Kiswahili yenye makala makumi ya maelfu, ikasomwa bila intaneti. Ipo nyingine iitwayo Kolibri, iliyotungwa kwa ajili ya shule zisizo na mtandao, yenye masomo na mazoezi. Mwalimu akiijaza kompyuta moja mjini, akarudi nayo kijijini na kuiunganisha na ruta ndogo, darasa zima litaweza kusoma kutoka humo kwa kompyuta nyingine au simu, wala hapatanunuliwa bando hata moja. Kompyuta ile ile iliyoambiwa imezeeka, ikiwekewa Linux nyepesi, mara nyingi huweza kazi hii kwa miaka kadhaa zaidi.

Tunajua majibu tutakayopewa. La kwanza ni lugha: mashine yasema Kiingereza. Jibu hilo lilikuwa na nguvu zamani. Mwezi Desemba 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu kamili ya ofisi yenye lahajedwali, kwa Kiswahili. Mwalimu Nyerere alikuwa amekwisha kumleta Juliasi Kaizari wa Shakespeare katika Kiswahili mwaka 1963, naye alikuwa na Taifa zima la kuongoza. Lugha iliyobeba hotuba za Roma haishindwi na jumla na tofauti.

La pili ni hofu ya mfanyakazi kwamba mashine itamnyang'anya kazi. Hofu hii ni ya haki, na viongozi wasiidharau. Lakini karani anayejua kupiga barua tu ndiye aliye hatarini zaidi. Yule ajuaye kuitumikisha mashine, ofisi haiwezi kumwacha. Kwa hiyo ni wajibu wa mwajiri kumfundisha mfanyakazi wakati wa kazi, si kumnunulia mashine na kumwacha abahatishe.

La tatu halisemwi kwa sauti. Wako watu wanaopenda daftari lisilosomeka. Hesabu ikiwa wazi, riziki yao hukatika. Hawa hawataipinga kompyuta. Wataisifu, wataifunika kitambaa kizuri, na kuhakikisha kwamba haifanyi kazi. Nasi tuseme kweli, hata ikiwa chungu: katika ofisi zetu za Chama pia, matawini na katani, wanachama wanayo haki ya kuuliza kama orodha yao na ada zao zimo katika mashine au zimo kichwani mwa mtu mmoja.

Tusidanganyane, hata hivyo, kwamba kompyuta ni malaika. Mizani ikiibiwa, mashine itaujumlisha wizi ule kwa usahihi kabisa. Ndiyo maana mwanachama asimame kwenye mizani kwanza, ndipo aitazame karatasi. Aidha, nakala ya akiba ihifadhiwe nje ya mashine, maana radi ya Ziwa Victoria haichagui. Na majina na siri za watu zilindwe, kama Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inavyoagiza.

Basi ushauri wetu ni huu. Kila ofisi na kila chama cha ushirika chenye kompyuta kichague kazi moja, mbali na barua, ambayo mashine itaifanya katika miezi mitatu ijayo, na kitangaze kazi hiyo mbele ya wanachama. Kompyuta isitupwe mpaka imejaribiwa kwa programu huria; ikifaa, na ipelekwe shuleni. Na vijana wa Chuo cha Ualimu Bunda na wa Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Mwalimu Julius K. Nyerere, kule Butiama, waombwe kukaa na makarani wetu siku chache za likizo, wafundishe na wao wafundishwe, kama Azimio la Musoma lilivyotaka elimu na kazi vikae pamoja.

Sisi tuliosoma shule za misheni tunaikumbuka habari ya mtumwa aliyekabidhiwa talanta, akaifukia ardhini, akadhani ameitunza. Bwana wake hakumshukuru. Nchi hii imekabidhi talanta zake juu ya meza za watumishi wake, kuanzia Musoma hata Bunda. Siku ya hesabu yaja, na mwenye kuidai ni mkulima aliyeleta kilo 400.